Sola Massachusetts: maswali ambayo naulizwa kila wiki kuhusu pesa, kodi na zile karatasi

Mimi si kontrakta wala siuzi paneli. Niko Lowell, niliweka sola kwa paa langu 2019, na tangu hapo nimekua yule mtu ambaye ukitoka kanisani ama kwa harambee ya mtu unavutwa kando, ati hebu angalia hii karatasi nimepewa, nisaini ama nisisaini. Sasa nimechoka kurudia vitu vilevile kwa simu usiku, nimeandika hapa. Ukisoma chini utaona kuna kitu narudia tena na tena, manake ndo kinapoteza watu pesa: mwenye paneli ndo mwenye pesa. Kila krediti, kila cheki, kila punguzo linamfuata mwenye mali, halimfuati mwenye paa.

Ile asilimia 30 ya serikali kuu bado iko?

Haiko. Ilikua krediti ya kodi ya federali, inafuta kodi sawa na 30% ya gharama ya sola. Kwa paneli unazonunua mwenyewe na kuziweka kwa nyumba unayokaa, iliisha Desemba 31, 2025. Ilikua ipangwe kukaa 30% mpaka 2032 ndo ianze kushuka polepole, lakini ile sheria kubwa aliyosaini Trump Julai 4, 2025 ikaikata mapema, na watu wakakimbilia mafundi miezi ile ya mwisho kama watu wanakimbilia matatu ya mwisho usiku. Kama kuna mtu amekuja kwako mwaka huu na karatasi ya hesabu ina mstari unasema "toa 30%", aidha anatumia karatasi ya zamani ama anakuona mjinga. Mwambie aandike hesabu upya bila huo mstari halafu uangalie kama bado anatabasamu.

Mimi niliweka 2025 lakini sijadai, nimechelewa?

La, kama kazi ilimalizika kabla mwaka kuisha. Kinachoangaliwa ni siku ufungaji ulipokamilika, sio siku uliyolipa diposito wala siku uliyosaini. Hapa kuna watu waliumia: walilipa Oktoba, fundi akaja Januari, na hapo hakuna kitu. Kama yako ilikamilika unajaza fomu 5695 pamoja na ritani ya 2025. Wenye ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security) pia wanaruhusiwa, nimeulizwa hili mara nyingi kwa sauti ya chini kama ni siri, si siri.

Lakini elewa aina ya krediti. Inafuta kodi unayodaiwa, haikurudishii zaidi ya hapo. Kama kodi yako ya federali mwaka huo ilikua dola 3,000 na krediti yako ni 7,000, mwaka huo inafuta 3,000 na zile 4,000 zinasongezwa mwaka unaofuata. Usichanganye na rifandi, manake rifandi ni ile hela ulikatwa zaidi kwa pei chek, ni hesabu tofauti kabisa. Dada mmoja aliniambia "mimi sina kodi, huwa narudishiwa", nikamwambia angalia ule mstari wa kodi yote ya mwaka kabla ya kutoa zile walizokukata, akakuta kumbe anayo, tena ya kutosha.

Sasa jimbo lenyewe la Massachusetts linatoa nini?

Vitu vitano, na hakuna hata kimoja kinakuja kama cheki kubwa siku moja. Kuna krediti ya kodi ya mapato ya jimbo, kuna kutolipa seli taksi, kuna kutopandishiwa kodi ya jengo, kuna SMART, na kuna neti mitaringi ambayo ndo baba yao wote (hizi mbili nazieleza chini). Watu wanauliza ile ya kwanza kwa sababu ina jina zuri, na ndo ndogo.

Krediti ya jimbo ni 15% ya gharama, lakini haipiti dola 1,000. Kwa hivyo mfumo wa dola elfu saba tayari umefika juu, na wa elfu thelathini nao unapata hiyohiyo elfu moja. Ni ya nyumba unayoishi mwenyewe, sio ile unapangisha watu Brockton. Unaidai kwa Schedule EC ya ritani ya jimbo, na kama kodi yako haitoshi mwaka huo iliyobaki unaweza kuibeba miaka mitatu mbele. Haijaguswa na sheria ya Trump kwa sababu ni ya jimbo.

Seli taksi ya hapa ni 6.25% na vifaa vya sola vya nyumba unayoishi havitozwi. Hii huiombi popote, angalia tu risiti ya fundi, kuna fomu inaitwa ST-12 ambayo inahusika. Ukiona amekuongezea hiyo asilimia, muulize.

SMART ndo nini? Jirani yangu analipwa kila mwezi

Jirani yako hadanganyi, hata mimi nalipwa. SMART ni programu ya jimbo ilianza Novemba 2018, inachukua nafasi ya zile SREC za zamani ambazo mtu alikua anauza vyeti kama mtu wa soko la hisa, leo bei iko juu kesho imeanguka. SMART ni rahisi: kila kilowati-saa paneli zako zinatoa, hata ile umetumia mwenyewe kupika ugali, unalipwa senti kadhaa na kampuni ya stima, kwa miaka 10 kama mfumo wako ni kilowati 25 kwenda chini. Za nyumba karibu zote ziko hapo.

Sasa ngoja nieleze kwa nini mimi na wewe hatutalipwa sawa, manake hili linaleta maneno. Ile SMART ya kwanza ilikua na mabloku, kila bloku ikijaa wanaoingia nyuma wanapata kidogo. Halafu malipo yalikua yanahesabiwa kwa kutoa thamani ya stima, kwa hivyo bei ya stima ilipopanda ile miaka ya 2022 na kuendelea, malipo ya wapya yakashuka, maeneo mengine yakafika sufuri kabisa, mtu anajaza makaratasi yote anapata barua ya kumpongeza na hana kitu. Ndo wakaibadilisha 2025, sasa ni kiwango kimoja kilichonyooka: senti 3 kwa kilowati-saa kwa mifumo hii midogo, na senti 6 kama wewe ni wa mapato ya chini. Sio pesa ya kujenga ghorofa, lakini haitegemei bei ya stima.

Maombi anafanya fundi, sio wewe, lakini unasaini na unapewa karatasi ya maelezo ambayo lazima uipate. Angalia hapo kwa karatasi jina la anayelipwa ni la nani. Nimeshika karatasi za watu watatu wanaodhani wanalipwa SMART na jina lililoandikwa ni la kampuni.

Neti mitaringi nayo? Si ndo kuuzia gridi stima?

Kuuza ni neno kubwa, ni kama kuweka akiba dukani. Mchana jua likiwaka na wewe uko kazini shifti ya asubuhi, paneli zinatoa kuliko nyumba inakula, ile ya ziada inatoka kwenda kwa gridi na mita inahesabu. Usiku unachukua ya gridi. Mwisho wa mwezi wanapiga hesabu, kama umepeleka zaidi unapata krediti ya dola kwa bili yako, na hizo krediti zinasonga mwezi kwa mwezi na hazifi. Ndo maana mwenye sola anapenda Juni na Julai, zile krediti za jua kali zinalipa Desemba na Januari wakati paneli zinalala.

Hupewi keshi mkononi, watu wasikudanganye. Pia krediti haifiki bei nzima ya rejareja kwa asilimia mia, kuna vijichaji vya umma ndani ya bili ambavyo havihesabiwi, na ile ada ya mwezi ya kua mteja unalipa tu hata kama umetoa stima ya mtaa mzima. Kwa hivyo "bili sufuri" ni maneno ya tangazo.

Kitu kizuri ambacho hata mafundi wengine hawasemi: krediti za ziada unaweza kuzielekeza kwa akaunti nyingine ya kampuni hiyohiyo ya stima. Kuna fomu inaitwa Schedule Z. Unaweka asilimia, hii kwa akaunti ya mama ghorofa ya pili, hii kwa ya kanisa. Najua familia Worcester wanafanya hivyo, paa la ndugu mmoja linapunguza bili za nyumba mbili.

Kuhusu nafasi kuisha, zamani kulikua na wasiwasi wa kikomo cha neti mitaringi, lakini sheria ya tabianchi ya 2022 ilisema mifumo mpaka kilowati 25 haihesabiwi kwenye kikomo. Ya nyumba yako pengine ni 6 mpaka 10. Lala usingizi.

Kodi ya nyumba itapanda wakiona paneli?

Swali hili linanichekesha kwa sababu ya lugha yetu, manake kodi ni taksi na kodi ni ya mwenye nyumba, na wengine wanaouliza wanamaanisha ile ya pili. Kama wewe ni mwenye nyumba: thamani ambayo sola imeongeza haitozwi kodi ya jengo kwa miaka 20, hiyo ni sheria ya jimbo, bora mfumo usizidi 125% ya stima ambayo mali yako inatumia kwa mwaka. Thamani ya nyumba inaweza kupanda ukiuza na bado asesa wa mji, yule anayekadiria thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, asikuongezee. Miji mingine wanataka ujaze fomu kwa ofisi ya asesa, kwa hivyo piga simu uulize.

Nipe hesabu bwana, maneno mengi

Sawa. Tuseme mfumo wa kilowati 7, paa linaangalia kusini, hakuna miti. Hapa kwetu kilowati moja inatoa karibu kilowati-saa 1,150 kwa mwaka, kwa hivyo yako inatoa kama 8,000. Tuseme fundi amekutoza dola 24,500 zote na tuseme stima inakusimamia senti 30. Hizi namba mbili badilisha na zako, toa bili yako uangalie.

Stima uliyookoa ni kama 2,400 kwa mwaka. SMART ya senti 3 ni 240 kwa mwaka. Krediti ya jimbo 1,000 mara moja. Kwa hivyo 23,500 gawanya kwa 2,640 ni kama miaka tisa kasoro kidogo ndo pesa yako irudi. Mwaka 2025 mtu huyohuyo angetoa 7,350 ya federali na angerudisha kwa miaka sita hivi. Hio ndo tofauti, imeuma lakini haijaua. Paneli nyingi zina waranti ya miaka 25, yaani baada ya mwaka wa tisa una miaka kumi na kitu ya stima ambayo umeshailipia. Inveta ya ukutani, kile kifaa kinageuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, inaweza kukufia katikati, weka hela kando.

Kama huna mpango wa kukaa kwa hiyo nyumba miaka tisa, au paa lako limebakisha miaka mitano, mimi sikushauri. Tengeneza paa kwanza, manake kushusha paneli na kuzirudisha ni maelfu ya dola na hakuna krediti inalipia hiyo.

Kijana amebisha mlango na tableti, anasema sola ni ya bure na ni programu ya serikali

Hapa nakaa chini.

Kwanza, hakuna programu ya serikali inatuma kijana mlangoni. Pili, anachouza hakiitwi bure, kinaitwa lisi au mkataba wa kununua stima ya paneli. Kampuni inaweka paneli zake kwa paa lako, inabaki mwenye mali, wewe unalipa kila mwezi kwa miaka 20 au 25. SMART inaenda kwao. Ile elfu moja ya jimbo hupati kwa sababu hujanunua kitu. Na kuna kitu kimoja kimefanya hawa vijana waongezeke: upande wa biashara krediti ya federali haijafa siku moja na ile ya kwetu. Kampuni inayomiliki paneli bado inaweza kuipata kama ujenzi umeanza kufikia Julai 4, 2026, ama mfumo umewashwa kabla 2027 kuisha. Kwa hivyo kwa kipindi hiki paa lako lina thamani kwa kampuni kuliko kwako, na ndo maana wanakimbia. Jua hivyo ndo uweze kubishana nao bei. Kama wanapata 30% wewe unapata nini?

Sisemi lisi zote ni wizi. Mtu hana elfu 24, hataki mkopo, kodi yake ni ndogo, mkataba mzuri unaweza kumpunguzia bili kuanzia mwezi wa kwanza. Lakini soma ile namba ya kupanda kila mwaka. Mzee mmoja alileta mkataba wa senti 22 kwa kilowati-saa, akaona uko chini ya bili yake akafurahi, ndani kuna kupanda 2.9% kila mwaka. Piga hesabu, miaka 20 iko karibu senti 39. Labda stima ya kawaida itakua imepita hapo, labda haijapita, lakini wewe umeshasaini. Tafuta mkataba usiopanda, ipo. Na uliza kama wanahakikisha kiasi cha stima, na nani analipa panya wakitafuna waya.

Nilishasaini kitu kwa tableti mimi mwenyewe zamani, sio ya sola, na nilichosaini na nilichoambiwa havikua ndugu. Omba nakala kwa imeili, mwambie utasoma usiku, mwenye nia nzuri atarudi kesho. Kama ushasaini mlangoni kwako jana, una siku tatu za kazi kuvunja mkataba, andika barua kwa maandishi na uweke ushahidi wa kuituma, usipige simu tu.

Halafu usimchanganye na kijana mwingine anayeomba kuona bili yako ya stima, huyo anauza sapilaya, anataka kukuhamisha mtu wa kukuuzia stima, haina uhusiano na sola. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo imetoa ripoti zaidi ya moja kuonyesha watu waliohamia hao sapilaya kwa jumla walilipa zaidi, na mitaa ya watu wa kipato cha chini ndo waliumia sana. Usimwonyeshe bili, ile namba ya akaunti ndo anatafuta.

Na mkopo wa sola je?

Ukikopa, paneli ni zako, kwa hivyo SMART na krediti ya jimbo ni zako. Hapo vizuri. Shida ni ile mikopo inakuja na fundi yenye riba inaonekana ndogo sana. Uliza bei mbili: nikilipa keshi ni ngapi, nikichukua mkopo wenu ni ngapi. Kama tofauti ni maelfu, hiyo ni ada ya mkopeshaji imefichwa ndani ya bei, na riba yako sio ile unaona. Nenda krediti yunioni yako ulize, mara nyingi riba inaonekana kubwa na jumla ni ndogo. Pia mikopo mingi ya zamani ilipangwa ukidhaniwa utaleta ile 30% baada ya miezi 18, usipoileta malipo ya mwezi yanapanda. Kama wako wa 2026 bado una kipengele hicho kimbia.

Mimi napangisha, sina paa

Kuna sola ya jamii. Shamba la paneli liko mahali Massachusetts, wewe unajiunga, unapata krediti kwa bili yako ya stima na unalipia hizo krediti kwa bei ya chini kidogo, punguzo huwa kati ya 5% na 20% kulingana na mkataba na kipato. Huweki hela mbele. Si nyingi, kama bili yako ni 150 pengine unaokoa dola kumi na kitu, lakini ni kusaini tu. Angalia ada ya kutoka na kama unahama utapewa nafasi ya kubeba. Utapata bili mbili, usishtuke, ndo inavyofanya kazi.

Kwa zile nyumba za ghorofa tatu za Worcester na Dorchester, paa ni tambarare na ni zuri sana kwa sola, shida ni nani anamiliki. Ikiwa nyumba yote ni ya mtu mmoja na anakaa ghorofa moja, anaweza kuweka na kutumia Schedule Z kugawa krediti kwa wapangaji, akitaka. Ikiwa ni kondo tatu, yaani kila ghorofa ina mwenyewe, mnaenda mkutano, na huo mkutano mimi siwezi kuwasaidia.

Mji wetu una kampuni yake ya stima, mbona fundi anasema SMART haipo?

Anasema kweli. SMART na sheria za neti mitaringi nilizoeleza ni za wateja wa kampuni za stima za Eversource, National Grid na Unitil. Kuna miji 40 na kitu hapa yenye kampuni ya stima ya manispaa, kama Shrewsbury, Holyoke, Peabody, Taunton, Braintree. Hao wana sheria zao, kila mji na yake, wengine wanarudisha krediti ndogo kwa stima unayopeleka. Stima yao huwa bei nafuu pia, kwa hivyo ile hesabu ya miaka tisa inarefuka. Ya jimbo ya elfu moja, seli taksi na kodi ya jengo bado unapata. Mtu wa Shrewsbury asinakili hesabu ya binamu yake wa Worcester hata kama ni dakika kumi kwa gari.

Nyumbani Kenya sola ikiwa paani stima ikipotea wewe uko na taa. Hapa mbona jirani alikaa gizani na paneli anazo?

Hii inawashangaza wote tuliotoka kule. Nyumbani sola ni ya kukimbia kupotea kwa stima, kuna betri kwanza, paneli ni za kuilisha. Hapa sola ya kawaida haina betri, imefungwa na gridi, na gridi ikizima inveta lazima izime, ili mafundi wanaopanda nguzo wasipigwe na stima ya kwako. Ukitaka taa wakati wa dhoruba ununue betri, na betri ni bei.

Lakini betri ina pesa yake. Eversource na National Grid wana programu inaitwa ConnectedSolutions, kati ya Juni na Septemba siku za joto kali wanachota stima kutoka betri yako jioni wakati kila mtu amewasha eisii. Imekua ikilipa dola 275 kwa kila kilowati ya wastani unayotoa msimu huo. Betri ikitoa wastani wa kilowati 5 hiyo ni kama 1,375 kwa msimu mmoja. Wanaweza kuichota mpaka mara 60 kwa msimu, kila mara si zaidi ya saa tatu. Kwangu mimi bila hiyo programu betri haina hesabu, ni anasa ya kutoogopa giza.

Kipato changu ni kidogo, kuna ya kwangu?

Kama uko kwa bei ya punguzo ya stima, senti zako za SMART ni mara mbili. Kama hauko na unapata SNAP (msaada wa chakula), MassHealth (bima ya afya ya jimbo) au msaada wa mafuta ya kupasha nyumba, piga simu kampuni ya stima leo uingizwe, hiyo haina uhusiano na sola na inapunguza bili mwezi ujao. Watu wengi wetu wanastahili na hawajaomba. Jua tu kwamba stima yako ikiwa bei ya chini, sola inaokoa kidogo pia, kwa hivyo usikubali hesabu iliyopigwa kwa bei ya mtu mwingine.

Theluji?

Inateleza. Usipande paani na koleo.

Inachukua muda gani?

Kufunga ni siku moja mpaka tatu. Kusubiri ndo kazi: kupima, kibali cha mji, inspekta, halafu barua ya kampuni ya stima ya kukuruhusu kuwasha. Jipange miezi miwili mpaka minne na usiwashe kabla ya hiyo barua hata kama jua linakutukana. Na kwa ajili ya krediti ya jimbo, kazi ikikamilika Desemba ama Januari ni mwaka tofauti wa ritani.

Nataka kurudi nyumbani Kenya baada ya miaka michache, paneli itakuaje?

Kama ni zako, zinauzwa na nyumba, na SMART iliyobaki inahamishwa kwa mnunuzi, hakikisha wakili wako ameandika. Kama ni za lisi, mnunuzi lazima akubali kuchukua mkataba na akaguliwe historia yake ya kulipa madeni, ama wewe uununue wote, na kampuni huwa imesajili haki yake kwa rekodi za kaunti kwa hivyo huwezi kunyamaza. Nimeona mauzo yakikwama wiki sita kwa sababu ya hilo, mwenye nyumba tiketi ya Nairobi iko mfukoni. Omba barua ya bei ya kununua mkataba kabla hujaweka nyumba sokoni, sio baada.

Na kuhusu kung'oa paneli uzitie kwa kontena uzipeleke Kiambu, ndio, nimeulizwa, mara mbili. Kama ni zako hakuna anayekukataza, lakini kuzishusha, kuziba mashimo ya paa na nauli ya kontena utalipa kuliko bei ya paneli mpya Nairobi.